Edinburgh 1947: tamasha lililobebwa na wazamiaji

Hiki kisa watu wengi wanakijua nusu. Muulize mtu yeyote wa mambo ya steji atakwambia Edinburgh, Scotland, ndo mji wa matamasha, Agosti nzima hapapitiki, upande wa Fringe, lile tamasha la pembeni, peke yake zinatoka tiketi zaidi ya milioni 2 na maonyesho zaidi ya 3,000, na huo ni mji wenye wakazi kama nusu milioni tu. Sawa, hiyo ni leo. Mimi nataka turudi ilipoanzia, kwa sababu stori inayosimuliwa kila mara ni kwamba alitokea mtu mmoja mwenye maono, akaleta mastaa, mji ukapata jina. Mtu huyo alikuwepo kweli, na mastaa walikuja kweli, ila kuna kundi lingine ambalo halikualikwa na mtu na ukilitoa hilo kwenye hesabu kisa chote hakieleweki.

Tuanze na mji ulivyokuwa. Edinburgh ilikuwa na heshima ya zamani sana, karne ya 18 huko, enzi za kina David Hume na Adam Smith, lakini ile ilikuwa heshima ya vitabu na mijadala ya wasomi. Kufika miaka ya 1940 ulikuwa mji wa mawakili, mabenki na makanisa, Jumapili kila kitu kimefungwa, kuta za majengo nyeusi kwa moshi wa makaa ya mawe. Ukumbi mkubwa wa muziki ulikuwepo, Usher Hall, umefunguliwa 1914 kwa pesa aliyoiacha mfanyabiashara wa wiski aitwaye Andrew Usher, paundi 100,000. Majumba ya tamthilia yalikuwepo pia, King's, Lyceum, Empire. Kwa hiyo majengo yapo, lakini kama wewe ni mpenzi wa opera na una uwezo, ulikuwa unaenda London, na ukiwa na uwezo zaidi unaenda kwenye tamasha la Salzburg, Austria. Hakuna mtu aliyekuwa anapanda treni kwenda Edinburgh kwa ajili ya sanaa za jukwaani.

Sasa Salzburg na Munich, vita vimepita. Ujerumani imekuwa kifusi, Austria imekaliwa na majeshi ya mataifa manne, wasanii wakubwa wametawanyika dunia nzima, wengine wameuawa. Ulaya ilikuwa na njaa ya kukusanyika lakini ile miji iliyokuwa inakusanya watu haikuwa na hali hiyo. Hili nalisisitiza kwa sababu wapangaji wa matamasha huwa wanapenda kusema "sisi tunafanya kama Edinburgh" bila kuangalia kwamba Edinburgh ilikuta uwanja mtupu. Wakati ulikuwa upande wao.

Mtu mwenyewe anaitwa Rudolf Bing. Mzaliwa wa Vienna, 1902, kutoka familia ya Kiyahudi, alifanya kazi kwenye majumba ya opera Ujerumani mpaka Hitler aliposhika madaraka 1933 ikabidi aondoke. Akaishia Uingereza, Glyndebourne, jumba la opera ambalo tajiri mmoja, John Christie, alilijenga kwenye mashamba yake kusini mwa England na kulifungua 1934. Vita vilipokuja opera ikafungwa, na Bing, mtu aliyezoea kusimamia waimbaji wa kimataifa, akawa anafanya kazi kwenye duka kubwa la Peter Jones kule London. Vita vikielekea mwisho alikuwa na shida moja ya wazi kabisa: Glyndebourne inahitaji kazi na inahitaji pesa, ikikaa hivihivi itakufa. Hapo ndo wazo la tamasha lilipopata nguvu. Alianza kuangalia miji ya England kama Oxford, mambo hayakukaa. Edinburgh alikuwa ameshaiona, maana 1940 Glyndebourne walipita pale na onyesho lao la safari, na Audrey Mildmay, mwimbaji na mke wa Christie, aliupenda ule mji wenye ngome juu ya mwamba katikati kabisa. Halafu Henry Harvey Wood, aliyekuwa akiongoza ofisi ya British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, huko Scotland, akaisukuma Edinburgh kwa nguvu na kumkutanisha Bing na wakubwa wa mji.

Naomba hapa tusikimbie. Mtu anaweza kusikia kwamba Bing alikuwa anatafutia kampuni yake ajira akaona kumbe hakuna maono yoyote, ni biashara. Mimi sioni hivyo. Tamasha linahitaji mtu ambaye lisipofanyika ataumia yeye binafsi. Vikao vya kusifia utamaduni vipo kila mji, na maazimio yake yapo kwenye mafaili, lakini anayeamka asubuhi kupiga simu ni yule ambaye waimbaji wake hawana pa kuimba.

Upande wa pili alikuwepo meya, ambaye kule cheo chake kinaitwa Lord Provost, John Falconer. Huyu alikuwa mwanasheria, na angeweza kabisa kusema nchi imefilisika, nyumba hazitoshi, chakula kwa mgao, halafu mnaniambia opera? Badala yake akaliingiza jina lake na la halmashauri nzima. Yeye alilichukulia kama jambo la roho za watu, kwamba baada ya miaka sita ya kuua na kuuawa binadamu wanahitaji pa kuchanua tena, na alilisema hivyo hadharani mbele ya wajumbe na mbele ya watu wa makanisa. Halmashauri ikatoa pesa, Arts Council, chombo cha taifa cha kufadhili sanaa, ikatoa pesa, na Lord Rosebery, kabaila mwenye farasi wa mashindano, akatoa paundi 10,000 zilizotokana na ushindi wa farasi wake Ocean Swell. Kumbe kwenye mizizi ya tamasha hili kubwa kuna pesa ya wiski iliyojenga ukumbi na pesa ya farasi iliyolipa wasanii.

Sasa fikiria hali yenyewe mwaka 1947. Ile baridi ya mwanzoni mwa mwaka ilikuwa kali ajabu, makaa ya mawe yakakosekana, viwanda vikasimama, umeme ukakatwa. Mkate wenyewe ulikuwa kwa mgao, kitu ambacho hata wakati wa vita hakikutokea. Nguo kwa kuponi. Hoteli hazitoshi, ikabidi mji uombe watu wa kawaida wafungue nyumba zao wapokee wageni, na watu wakafungua vyumba.

Na kuna lile suala la taa za ngome, ambalo kwangu ndo linaonyesha tamasha lilivyoingia mikononi mwa wenye mji. Waandaaji walitaka ile ngome imulikwe usiku, ionekane toka kila kona. Waziri wa nishati, Emanuel Shinwell, akakataa, makaa hayapo na nchi nzima inabana matumizi, na kusema kweli kwa nafasi yake alikuwa na sababu. Wakazi wakaanza kujitolea mgao wao wa makaa, yale makaa ya kupashia joto nyumba zao, yachukuliwe yakawashe taa. Watu waliokuwa wametoka kwenye baridi ile miezi michache tu iliyopita! Waziri akalegeza, ngome ikamulikwa kwa usiku chache. Kwa hesabu ya makaa ni kidogo sana, lakini toka siku ile hakuna aliyeweza kusema tamasha ni la wageni na mabwana wa London, maana mama wa nyumba ya kawaida alikuwa ameshaweka makaa yake pale.

Tamasha likaanza mwishoni mwa Agosti, ibada ya ufunguzi kwenye kanisa kuu la St Giles', halafu wiki tatu mfululizo. Glyndebourne wakaleta opera mbili King's, Sadler's Wells wakaleta bale Empire akiwemo Margot Fonteyn, Old Vic, kampuni ya tamthilia ya London, wakaja na Shakespeare, Louis Jouvet akaja na kampuni yake kutoka Paris na tamthilia za Kifaransa. Orodha ni ndefu, wala sina haja ya kuimaliza, kwa sababu kilichoupa mji jina mwaka ule ni jambo moja ndani ya Usher Hall.

Bruno Walter, mwongoza okestra, Myahudi, alikuwa kipenzi cha Okestra ya Filamoni ya Vienna mpaka Wanazi walipoimeza Austria Machi 1938. Akapoteza kila kitu kule, akaishia Marekani. Okestra ikabaki, wanamuziki wa Kiyahudi wakafukuzwa, wengine wakafia kwenye kambi, na ndani ya waliobaki walikuwepo wanachama wa chama cha Nazi. Bing akamwomba Walter aje Edinburgh aongoze okestra ileile. Alikuwa na miaka 70. Akakubali, na alipokubali yeye basi wengine wote waliokuwa wanasitasita wakaona hili tamasha ni la kweli. Hebu fikiria mazoezi ya kwanza, mzee anasimama mbele ya viti ambavyo anavijua, nyuso nyingine anazijua, na nyingine zilizotakiwa kuwa pale hazipo. Walipiga Mahler, na Mahler alikuwa mwalimu wa Walter, na muziki wake chini ya Wanazi ulipigwa marufuku. Mwimbaji alikuwa Kathleen Ferrier, binti wa Lancashire aliyewahi kuwa opereta wa simu, na inasimuliwa kwamba kwenye neno la mwisho la wimbo wa mwisho, linalorudiwarudiwa likififia, machozi yalimzidi akashindwa kulimalizia. Akaenda kumwomba Walter radhi. Walter hakuona cha kusamehe, akamwambia wangekuwa wote wasanii kama yeye basi wote wangelia.

Usiku kama ule bajeti haiununui. Habari zake zilienda Ulaya na Marekani, na magazeti ambayo hayakuwa na sababu ya kuandika jina la Edinburgh yakaliandika. Kama tungeishia hapa ile stori ya maono na mastaa ingekuwa imekamilika.

Lakini twende mitaani. Ile programu rasmi ilikuwa na kasoro moja kubwa ambayo watu wa Scotland waliiona mara moja: tamasha liko Scotland, tamthilia ya Kiskoti haimo. Ilikuwa kama kuangalia sherehe kubwa uani kwako huku wewe mwenyewe huna kadi. Vikundi vinane vikaamua kuzamia. Glasgow Unity Theatre walikuja, kundi la wafanyakazi wanaoigiza kwa lafudhi za mtaani. Edinburgh People's Theatre walikuwepo, Christine Orr na waigizaji wake walikuwepo, Pilgrim Players kutoka England walikuja na tamthilia za T. S. Eliot, Lanchester wakaleta maonyesho ya vikaragosi vya kamba, na wengine walikuwa hata nje ya mji, kwenye abasia ya Dunfermline ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari wa Forth. Hakuna aliyewalipa, hawakuwa na nembo, walikodi kumbi wenyewe wakabandika matangazo wenyewe, hesabu yao ilikuwa kwamba watu wameshajaa mjini na jioni wanatafuta pa kwenda.

Mwaka uliofuata, 1948, mwandishi na mtunzi wa tamthilia Robert Kemp akaandika gazetini kuhusu hawa walioko pembezoni mwa tamasha rasmi kuwa wameongezeka kuliko mara ya kwanza, na jina Fringe likawakaa mpaka leo. Kinachonifurahisha ni kwamba Kemp huyohuyo mwaka huohuo ndo aliyeandaa upya, kwa ajili ya tamasha rasmi, tamthilia ya Sir David Lyndsay ya karne ya 16, ambayo ilikuwa haijachezwa karibu miaka 400. Tyrone Guthrie akaiongoza, na badala ya kuipeleka kwenye jumba la kawaida akaiweka kwenye ukumbi wa mikutano ya Kanisa la Scotland, steji imesogea katikati ya watu, watazamaji pande tatu. Watu walijaa. Lile lalamiko la Waskoti likapata jibu ndani ya miezi 12, na jibu lilitoka ndani ya tamasha lenyewe. Naamini kabisa kelele za wazamiaji zilichangia.

Halafu njoo kwenye uamuzi ninaouona mkubwa kuliko yote. Vikundi vya Fringe vilipozidi kuwa vingi, ikabidi viwe na utaratibu wa pamoja, ofisi ya tiketi, kitabu cha ratiba, mambo hayo. Chama chao kikaundwa 1958. Kwenye mji mwingine wowote ofisi kama hiyo ingeanza kuchagua: wewe una kiwango, wewe huna, wewe njoo mwakani. Wao wakakubaliana kwamba chama hakitachuja maonyesho ya mtu. Ukipata ukumbi, umo. Hilo ndo limebaki mpaka leo na ndo limewaleta wanafunzi, wachekeshaji, wacheza sarakasi, vikundi vya watu wawili na sanduku moja la mavazi kutoka kila bara. Na tamasha rasmi nalo likalazimika kuchangamka, mpaka 1960 likaweka kwenye programu yake onyesho la vijana wanne wa vichekesho, Peter Cook, Dudley Moore, Alan Bennett na Jonathan Miller, makusudi kabisa kushindana na wale wa Fringe, na likabadilisha vichekesho vya Uingereza.

Kwa hiyo jinsi ninavyokisoma kisa hiki ni hivi: Vienna na Walter waliufungulia mji mlango wa dunia, lakini sifa ya mwaka mmoja inasahaulika, na Edinburgh haikusahaulika kwa sababu walioingia kwa mlango wa nyuma hawakufukuzwa. Ukiangalia Avignon, Ufaransa, tamasha lililoanza mwaka uleule 1947 na Jean Vilar, nako miaka ya 1960 pembeni ya tamasha rasmi ikaota "Off" ya wasioalikwa, na leo ni kubwa kuliko lile la kwanza. Adelaide, Australia, walipoanzisha lao 1960 wakifuata mfano wa Edinburgh, Fringe yao ikaota palepale. Inajirudia kiasi kwamba siwezi kuiita bahati.

Si kila mzamiaji alipokelewa vizuri lakini, na hili halisemwi vya kutosha. 1951 vyama vya wafanyakazi na watu wa mrengo wa kushoto walianzisha tamasha lao la watu, People's Festival, na Hamish Henderson akaandaa usiku wa nyimbo za asili akawaleta waimbaji wa vijijini wa Kiskoti na wa Kigaeli wasimame jukwaani mjini. Alan Lomax, Mmarekani, akarekodi. Uamsho mzima wa muziki wa asili wa Scotland unahesabiwa kuanzia usiku ule. Miaka michache tu na siasa za vita baridi zikaliua, likaambiwa ni la wakomunisti, misaada ikakatwa. Mji uliofungua milango kwa okestra iliyokuwa na Wanazi ulishindwa kuvumilia waimba nyimbo za wakulima wenye marafiki wakomunisti. Hilo linaniuma kila nikilisoma.

Miaka hiyohiyo ya kwanza ya tamasha, kwa taarifa yako, Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi pale, alifika 1949 akahitimu shahada ya MA katika Chuo Kikuu cha Edinburgh 1952. Mji aliousoma ndo huo, uliokuwa unajigeuza mbele ya macho ya watu.

Mji wenyewe pia ulilegea sehemu nyingine. Kwa miongo kadhaa halmashauri ilikuwa inajisifu kwa tamasha huku ikikwepa kujenga jumba la opera. Walibomoa eneo la Castle Terrace kwa ajili hiyo, mradi ukafutwa katikati ya miaka ya 1970, likabaki shimo katikati ya mji miaka na miaka. Suluhisho lilikuja 1994 ile Empire ya zamani, palepale Fonteyn alipochezea 1947 na pakaja kuwa ukumbi wa bingo, ilipofunguliwa upya kama Festival Theatre.

Na sasa kuna tatizo ambalo naliona zito kuliko lile shimo. Vyumba ambavyo 1947 vilifunguliwa kwa ukarimu leo ni biashara, Agosti kodi inapaa, na anayeumia kwanza ni yule mzamiaji, kijana mwenye onyesho la watu 40 ambaye kitanda kinamgharimu kuliko ukumbi. Mji umejaribu kubana, toka 2022 Edinburgh nzima ni eneo la udhibiti wa nyumba za kupangisha kwa muda mfupi, na leseni zikafuata 2023. Wakazi wengi walihitaji hilo, kwa sababu majengo mazima yalikuwa yamegeuka nyumba za wageni, ila vitanda vikipungua bei haishuki. Halafu kuna tozo mpya ya wageni, asilimia 5 ya gharama ya malazi kwa usiku tano za kwanza, kwa wanaolala mjini kuanzia Julai 24, 2026, na sehemu ya pesa hiyo imepangwa kwenda kwenye utamaduni na matamasha. Msanii anayekodi chumba naye anailipa kama mtalii. Ningekuwa na sauti kwenye ile halmashauri ningeomba fungu la kwanza kabisa la tozo hiyo liende kwenye vitanda vya wasanii, mabweni ya vyuo yafunguliwe Agosti kwa bei ya mtu anayeanza, kabla ya bango, kabla ya fataki, kabla ya kampeni nyingine ya kuutangaza mji ambao tayari kila mtu anaujua.